Jinsi ya Kuuchunguza Mtaa Unaochakaa: Mwongozo kwa Wakazi wa Mombasa, Kisiwani na Ng'ambo

Mtu akipita Mji wa Kale, Majengo au nyuma ya Mwembe Tayari, akaona ukuta uliobanduka chokaa, mtaro uliojaa taka na ngazi iliyokatika pasipo wa kuiunga, husema papo hapo kwamba mji umekufa. Neno hilo limesemwa mara nyingi mno hata limekosa kazi. Halimwambii fundi aanzie wapi, halimwonyeshi mwakilishi wadi fedha itengwe kwa jambo gani, wala halimsaidii mwenye nyumba kuamua kama atengeneze au auze. Mwongozo huu ni wa mkazi anayetaka kusema jambo lenye uzito kuliko hilo, yaani anayetaka kuuchunguza mtaa wake kwa utaratibu, kujua kinachouchakaza, na kuandika waraka ambao ofisi haitaweza kuurudisha kwa kisingizio kwamba hauna ushahidi.

Katika kazi hii nimejifunza jambo moja ambalo ndilo msingi wa yote yanayofuata: mtaa haueleweki kwa kuutazama wenyewe peke yake. Mombasa ni kisiwa, na karibu kila kinachoingia au kutoka hupita katika vivuko vichache, navyo ni Daraja la Nyali upande wa kaskazini, Makupa upande wa bara, na feri ya Likoni upande wa kusini. Anayetaka kujua kwa nini nyumba ya Kuze au Kibokoni, mitaa ya Mji wa Kale, inaanguka hana budi kufuata kinachovuka maji: watu, maji ya kunywa, taka na fedha.

Kuchagua eneo na kulipita kwa miguu

Chagua eneo dogo unaloweza kulizunguka kwa miguu bila kuzidi saa moja. Vichochoro vitano vya Mji wa Kale vinatosha, au safu nne za nyumba za Majengo, au kipande cha barabara baina ya misikiti miwili. Mara ya kwanza nilipoifanya kazi hii niliandika juu ya kisiwa kizima. Waraka ulipokelewa katika ofisi moja, ukagongwa muhuri, na hakuna aliyenijibu. Baadaye nilipousoma tena niliona kwamba haukuwa na nyumba hata moja ambayo afisa angeweza kwenda kuitazama. Nilipoandika juu ya mtaro mmoja na nyumba kumi na moja zinazoumwagia maji machafu, watu walikuja na kanda ya kupimia.

Pita eneo lako mara tatu katika siku moja ya kazi: saa moja asubuhi, saa saba mchana, na saa mbili usiku baada ya sala ya Isha. Kila wakati unaonyesha jambo ambalo nyakati nyingine zinalificha. Asubuhi utaona ni nani anayetoka mtaani kwenda kazini na ni nani anayeingia kufungua duka. Mchana utaona biashara. Usiku utaona taa, na taa ndizo shahidi mkweli kuliko wote, kwa sababu barabara yenye shughuli tele mchana yaweza kuwa haina hata dirisha moja linalowaka usiku katika ghorofa za juu. Mtaa wa namna hiyo haukukosa wateja, umekosa wenyeji, na dawa ya upungufu mmoja si dawa ya mwingine.

Hesabu milango. Andika ni maduka mangapi yamefunguliwa, mangapi yamefungwa, na mangapi yamegeuzwa kuwa ghala. Hiyo hesabu ya mwisho husahauliwa na wengi, nayo ni muhimu sana. Duka lililogeuzwa ghala bado linamlipa mwenye nyumba kodi, kwa hiyo katika vitabu halionekani kuwa tupu. Lakini halina mtu wa kuketi barazani, halina taa ya nje, halimfagilii jirani, na mlango wake wa chuma hufunguliwa mara mbili kwa wiki mkokoteni ukifika. Milango ya aina hiyo ikifuatana mitano au sita, watoto huacha kupita hapo jioni, na baada ya watoto huacha wanawake.

Tazama pia mita za umeme. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja ikiwa na mita saba ukutani, ujue kwamba imegawanywa vyumba na kwamba watu wanaotumia choo, ngazi na tangi lake ni wengi kuliko wale iliokusudiwa. Andika idadi tu bila kuandika jina la mtu yeyote.

Hapa inafaa kutoa tahadhari. Ukongwe si uchakavu. Barabara ya Biashara ina majengo ya zamani, rangi zimefifia na nyaya zimening'inia, lakini wauzaji wa kanga na vikoi wamejaa na wateja wanatoka mpaka ng'ambo ya kusini kuja kununua doti za harusi. Mahali pale pamechoka kwa sura, lakini pana nguvu. Kinyume chake, lipo jengo jipya la ghorofa sita lenye vioo ambalo ghorofa zake nne hazijapata mpangaji. Ukiandika kwa kufuata sura ya kuta utapotosha, na ofisi ikishagundua kosa moja katika waraka wako itatilia shaka hata yaliyo sahihi.

Kuta zenyewe

Katika Mji wa Kale lazima mchunguzi ajue kidogo habari za ujenzi, kwa sababu huko nyumba nyingi zinaharibiwa na matengenezo mabaya kuliko na umri. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unanyonya unyevu na kuutoa, msimu baada ya msimu. Fundi akija na saruji akaupiga lipu ngumu kwa nje, unyevu unakosa pa kutokea. Unapanda ndani ya ukuta pamoja na chumvi, rangi inabanduka, kisha lipu yenyewe inatoka kwa vipande vikubwa ikiwa imeng'ang'ania mawe. Mwenye nyumba anaona ukuta umeharibika zaidi, anaongeza saruji, na ugonjwa unakuwa ule ule.

Kwa hiyo unapopita, gonga ukuta kwa kifundo cha kidole. Sauti ya mvungu inaonyesha kwamba lipu imeachana na jiwe. Tazama doa la unyevu limefika kimo gani kutoka chini. Tazama miisho ya boriti pale inapoingia ukutani, kwa kuwa ndipo inapoanza kuoza, hasa kama bomba la choo cha juu linavuja karibu nayo. Ukiona ufa unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, piga picha ukiwa umeweka sarafu au rula kando yake, kisha rudi baada ya mvua za masika upige tena mahali pale pale. Picha mbili za ufa mmoja zina nguvu kuliko kurasa kumi za malalamiko. Na kabla ya kugusa nyumba yoyote iliyo katika eneo la hifadhi, ujue kwamba Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana sauti katika jambo hilo. Ngome ya Yesu, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, iko hapo hapo mlangoni, na mji unaoizunguka unahesabiwa kuwa sehemu ya thamani yake.

Kuuliza wazee, na kuuliza vizuri

Baada ya macho huja masikio. Nenda wakati wa alasiri, mtolee salamu mzee aliyeketi barazani, mpe shikamoo yake, ukae, na usifungue daftari mpaka umeulizwa unatoka wapi na wewe ni wa nani. Usianze kwa kuuliza tatizo ni nini, kwa sababu swali hilo huzaa hotuba. Uliza nyumba ile ilikuwa ya nani, waliokaa humo walifanya kazi gani, na walikwenda wapi. Majibu yatafuatana kwa namna itakayokustaajabisha: huyu alihamia Nyali alipostaafu, yule alijenga Bamburi, ndugu walishindwa kuelewana juu ya urithi wakapangisha, wajukuu wako Mtwapa, mmoja alikwenda Likoni kwa kuwa ardhi ilikuwa rahisi. Mzee mmoja wa Kuze alinitajia nyumba ishirini na mbili kwa mpangilio, kama mtu anayesoma uradi, na katika hizo ni sita tu ambazo bado zilikuwa na damu ya waliozijenga.

Majibu hayo ndiyo ramani yako. Chora mstari kutoka kila nyumba mpaka mahali wenyewe walikohamia, nawe utaona kwamba uchakavu wa kisiwani na ujenzi wa ng'ambo ni habari moja iliyosimuliwa kutoka pande mbili. Daraja la kwanza la Nyali lilikuwa la kuelea, nalo lilifunguliwa mwaka 1931. La sasa lilifunguliwa 1980, na tangu hapo familia yenye gari iliweza kulala ng'ambo na kufanya kazi mjini bila taabu kubwa. Waliotangulia kuondoka walikuwa wenye uwezo, na uwezo wao ndio uliokuwa ukipaka chokaa, ukizibua mtaro na kumlipa mlinzi wa usiku.

Usichanganye hali yetu na ile ya miji mingine

Wanaosoma habari za miji iliyoporomoka hutaja sana Detroit ya Marekani, na mfano huo unafaa kujulikana barabara kabla ya kutumiwa. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu karibu 1,850,000. Hesabu ya 2020 ilikuta 639,111. Viwanda vya magari vilihama au vilipunguza wafanyakazi, barabara kuu mpya zilifanya iwe rahisi kuishi mbali, na mikopo ya nyumba za vitongojini ilitolewa kwa Wazungu huku Weusi wakinyimwa. Lakini jambo lililoumiza zaidi ni kwamba vitongoji vile vilikuwa na serikali zao wenyewe. Aliyevuka mpaka alivuka na kodi yake, na mji ukabaki na mabomba, shule na wazee wa kutunza kwa mfuko uliokuwa ukipungua kila mwaka, hata Julai 2013 ukaomba mahakama iutambue kuwa umefilisika.

Mombasa haiko hivyo. Kwanza, watu hawapungui. Kaunti ilikuwa na watu 939,370 katika sensa ya 2009 na 1,208,333 katika ile ya 2019. Pili, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu zote zimo ndani ya kaunti moja na Mvita, na mfuko wa kodi ni mmoja. Mwenye nyumba aliyehama kutoka Makadara kwenda Nyali bado anailipa kaunti ile ile. Kwa hiyo anayesema kwamba mji wa kisiwani umekosa fedha kwa kuwa matajiri wamehama anaazima maelezo ya mahali pengine. Swali letu ni jingine, nalo ni zito kwa namna yake: fedha hiyo ya pamoja inagawanywa vipi, na ni nani anayehesabiwa wakati wa kuigawanya?

Tazama hesabu ya 2019. Kisauni ilikuwa na watu 291,930, Likoni 250,358, Nyali 216,577, Jomvu 163,415, Mvita 154,171, na Changamwe 131,882. Yaani kaunti ndogo ya Mvita, ambayo ndiyo kisiwa, ilikuwa na watu wasiofika kumi na watatu katika kila mia. Mwakilishi wadi wa Mtopanga, huko Kisauni, akisema fedha ziende kwa watu wengi, ana haki. Lakini sensa huhesabu mtu pale alipolala. Haimhesabu mwanafunzi wa Kisauni anayesoma Tononoka, mgonjwa wa Likoni anayeletwa hospitali kuu ya Makadara, wala mchuuzi wa Mikindani anayeshinda Marikiti. Hao wote hukanyaga barabara za kisiwani, hutumia vyoo vyake na kuacha taka zao ndani yake, kisha jioni huvuka kurudi kwao. Mtaa wa kisiwani unabeba mzigo wa mchana na kupewa fungu la usiku.

Kusimama kivukoni

Ndiyo maana hatua inayofuata ni kwenda kivukoni na daftari. Simama upande wa kisiwani wa feri ya Likoni kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi, au mwanzo wa Daraja la Nyali, na uhesabu kwa robo saa tu, upande unaoingia na upande unaotoka. Hesabu ya jioni ikiwa ni kinyume chake, umeshathibitisha kwa macho yako jambo ambalo sensa haikulisema. Fanya hivyo siku tatu tofauti, mojawapo ikiwa Ijumaa. Usijaribu kuhesabu siku nzima. Utachoka, utakosea, na robo saa iliyohesabiwa vizuri inatosha kuonyesha uwiano.

Kisha vuka mwenyewe. Mchunguzi wa Mji wa Kale asiyefika Likoni, Mishomoroni au Chaani atayalaumu maeneo hayo bila kuyajua. Ng'ambo si Nyali peke yake. Kule Changamwe kiwanda cha kusafisha mafuta kiliacha kusafisha mwaka 2013. Treni ya abiria ya reli mpya ilipoanza mwaka 2017, kituo chake kikiwa Miritini, na hasa amri ya 2019 ilipotaka mizigo yote ya bara ibebwe kwa reli, madereva wa malori, makanika, vijana wa yadi za makontena na akina mama waliowauzia chakula kandokando ya barabara walipoteza riziki, na maandamano yalifanyika mjini kila Jumatatu. Amri hiyo ilisitishwa baadaye, na mwaka 2022 serikali mpya ikatangaza kurudisha shughuli za kuondoa mizigo bandarini Mombasa, lakini karakana iliyofungwa miaka mitatu haifunguki kwa tangazo. Mitaa hiyo nayo inachakaa, ingawa majengo yake si ya matumbawe, na haina jina la urithi wa dunia la kuitetea. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimehudhuria vikao ambako wakazi wa kisiwani walizungumza kana kwamba wao pekee ndio wenye kupoteza.

Ukiwa ng'ambo uliza mambo mawili: maji na taka. Mombasa haina mto wala chemchemi ya kuitosha. Maji yake hutoka Mzima huko Taita Taveta, Baricho katika kaunti ya Kilifi, na Marere na Tiwi katika kaunti ya Kwale. Uliza majirani wa mtaa wako yanafika siku ngapi kwa wiki, na mtungi wa lita ishirini unauzwa kwa bei gani siku yasipofika. Kisha uliza swali lile lile Kisauni na Likoni, uziweke bei hizo sambamba. Ama taka, kwa miaka mingi zilimwagwa Kibarani, pale mtu anapoingia kisiwani kutoka bara, na sasa hupelekwa Mwakirunge katika kaunti ndogo ya Kisauni. Jaa linalozolewa Majengo huenda kukaa karibu na nyumba ya mtu mwingine. Mkazi wa kisiwani anayedai mtaa safi anapaswa kujua moshi wa usafi huo humfikia nani.

Na huko mbele kidogo, ukivuka daraja la Mtwapa, mpaka wa kaunti umekwisha. Mtwapa kwa maisha yake ya kila siku ni kitongoji cha Mombasa, lakini kwa kodi ni Kilifi. Hapo tu ndipo mfano wa Detroit unapokaribia kutuhusu, na hata hapo deni linakwenda pande mbili, kwa kuwa mkazi wa Mtwapa anayefanya kazi Moi Avenue hutumia barabara asiyoilipia, na mkazi wa Moi Avenue hunywa maji ya Baricho. Jambo la namna hii halitatuliwi na mwakilishi wadi mmoja. Linahitaji mazungumzo ya kaunti kwa kaunti, na Jumuiya ya Kaunti za Pwani, yenye kaunti sita, ndipo mahali pake.

Nani ana uwezo wa kutengeneza?

Kabla ya kuandika, tafuta umiliki, kwa sababu dawa inategemea ni nani mwenye kidole cha kuweka sahihi. Katika Mombasa kuna hali nne unazoweza kuzikuta katika kichochoro kimoja. Kuna nyumba yenye mwenyewe na ardhi yake. Kuna nyumba ya Kiswahili iliyojengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, ambapo mwenye nyumba humlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja na hana hati. Huyu hawezi kwenda benki kukopa fedha za kutengeneza, na akijenga kwa mawe anahofia kuambiwa aondoke. Kuna mali ya wakfu, ambayo haiuzwi, na ambayo kodi yake mara nyingi ni ndogo kiasi kwamba haitoshi hata kubadilisha boriti moja. Na kuna nyumba za kaunti, zilizojengwa zamani kwa wafanyakazi wa mji, kama zile za Buxton ambazo mwaka 2021 zilianza kubomolewa ili kujengwa magorofa mapya, jambo lililozua ubishi mkubwa juu ya wapangaji wa zamani watakwenda wapi.

Itisha taarifa ya umiliki katika ofisi ya msajili wa ardhi kwa viwanja vichache ulivyochagua, si vyote, kwani kila taarifa ina ada. Usimlaumu mwenye nyumba bila ardhi kwa kutopaka rangi. Kwa mtu huyo hoja inayofaa ni usalama wa umiliki. Kwa wakfu, hoja ni kodi na hesabu za matengenezo. Kwa nyumba ya kaunti, hoja ni ahadi iliyoandikwa kuhusu wapangaji kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa. Ukiandika hoja moja kwa wote wanne, watatu watasema haiwahusu na watakuwa wamesema kweli.

Kuandika waraka na kuupeleka kwa wakati

Waraka wako usizidi kurasa nne. Ukurasa wa kwanza utaje mipaka ya eneo, tarehe ulizopita na matokeo ya hesabu: milango, taa, mita, bei za mitungi. Wa pili uonyeshe kinachovuka, yaani waliohama wamekwenda wapi na wanaoingia mchana wanatoka wapi. Wa tatu uwe picha zenye tarehe. Wa nne uwe maombi, nayo yasizidi matatu, kila moja likitaja mahali, kazi na ofisi inayohusika. Andika kwa Kiswahili bila wasiwasi. Katiba ya 2010 inakifanya kuwa lugha rasmi, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inasema wazi kwamba ombi la habari laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa sheria hiyo hiyo unaweza kuiomba kaunti ikueleze ni kiasi gani kilitengwa na kutumiwa katika wadi yako kwa mitaro au taa. Jibu linapaswa kutoka katika muda usiozidi siku 21, na usipojibiwa unaweza kupeleka shauri lako kwa Tume ya Haki za Utawala.

Wakati ni nusu ya kazi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na watu wengi hupeleka maombi yao mwezi huo, mambo yakiwa yamekwisha kukatwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka unaotangulia. Waraka wa mkakati wa fedha hufika bungeni kabla ya mwisho wa Februari. Na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo fanya uchunguzi wako Juni na Julai, upeleke ombi la mradi kabla ya Septemba, kisha urudi katika mikutano ya Januari na Februari kuuliza kama limeingizwa. Katika kikao cha umma utapewa labda dakika tatu. Usizitumie kueleza historia ya mtaa. Soma maombi yako matatu, taja ukurasa, na ukabidhi nakala mbele ya watu.

Ikiwa vikao havikuzaa kitu, sheria ya serikali za kaunti inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti kupitia kwa karani wake. Ombi lenye sahihi za mtaa mmoja husomwa. Lenye sahihi za pande mbili za maji husikilizwa kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa kaunti ina wadi 30 na ni tano tu kati ya hizo zilizo Mvita. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupeleka lako, keti na kundi la wakazi wa wadi moja ya ng'ambo ambayo mstari wa ramani yako umeifikia mara nyingi. Wasomee hesabu zako, sikiliza zao, na mtafute ombi moja mnaloweza kulitia sahihi pamoja; mara nyingi litakuwa la maji au taka, kwa maana hayo hayajui daraja. Wadi za Mvita zikisimama peke yake zitashindwa kwa kura hata zikiwa na haki.

Hifadhi nakala yenye muhuri wa ofisi, daftari la hesabu na picha zako katika mahali pawili tofauti, mojawapo kwa jirani. Mwaka ukipita, mwezi ule ule, pita tena njia ile ile saa ile ile, uhesabu milango na taa, na upige picha ya ufa ule ule ukiwa na rula ile ile.